Mtoto ana impetigo na dawa ameshapewa: mnaishije nyumbani mpaka vidonda vikauke?

Nesi wa Mtaani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja wilayani Temeke, Dar es Salaam. Joto likipanda na mvua zikianza, benchi letu la kusubiria linajaa watoto wenye vidonda vya njano chini ya pua na kuzunguka mdomo. Tunawaandikia dawa, wanaondoka. Baada ya muda wengi wanarudi, safari hii wameongozana na wadogo zao, na mama anasema dawa tuliyompa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Mtoto mmoja ametibiwa, lakini taulo ni lile lile la familia nzima, kucha ni zile zile, na mdogo wake mwenye kipele kimoja mgongoni hakuna aliyemkagua. Dawa inafanya kazi yake mchana, usiku nyumba inamrudishia mtoto ugonjwa. Nimeona niandike kirefu kuhusu hizo siku za matibabu, kwa sababu pale dirishani mstari ni mrefu na tunaongea na mzazi dakika mbili tu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Impetigo ni maambukizi ya tabaka la juu la ngozi. Yanaletwa na bakteria aina mbili, Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes, na wakati mwingine wote wawili wapo kwenye kidonda kimoja. Huanza kama kipele au lengelenge dogo, linapasuka upesi, linatoa majimaji, na yakikauka yanakuwa gaga la rangi ya asali. Ipo aina nyingine ya malengelenge makubwa yaliyolegea, ambayo hupenda kiwiliwili na sehemu zinazofunikwa na nepi. Wanaougua zaidi ni watoto wa miaka 2 hadi 5. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa wakati wowote ule duniani kuna watoto zaidi ya milioni 162 wenye ugonjwa huu, wengi wao kwenye nchi za joto na zenye kipato kidogo. Kwa hiyo mama, usimfiche mtoto ndani kwa kuogopa majirani watasema humwogeshi. Wanaougua wapo hata kwenye nyumba zenye maji ya bomba saa zote.

Bakteria hawa wanahitaji mlango. Mbu akiuma na mtoto akajikuna, mlango umefunguka. Kamasi za mafua zikichubua ngozi chini ya pua, mlango umefunguka, na ndiyo sababu vidonda vingi vinaanzia hapo. Upele, ukurutu, chawa, mkwaruzo wa kuanguka kwenye kokoto, vyote ni milango. Na karibu mtu mmoja kati ya watatu ana Staphylococcus aureus puani mwake bila kuumwa chochote. Mtoto anachokonoa pua, anakuna goti, kazi imekwisha.

Sasa matibabu. Vidonda vikiwa vichache, kwa kawaida hupewa dawa ya kupaka kama mupirosini au fusidiki asidi. Vikiwa vingi, vimesambaa sehemu mbalimbali, au mtoto ana homa, hupewa antibayotiki ya kunywa. Mnipe nafasi niongelee jinsi ya kupaka, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza dawa bure.

Ukipaka krimu juu ya gaga, umepaka gaga. Bakteria wako chini yake. Chukua kitambaa safi laini, kichovye kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kikamue, kiweke juu ya kidonda na ukiache dakika tano hadi kumi. Kikipoa kichovye tena. Utaona pembe za gaga zinainuka na kuwa laini kama uji ulioganda. Hapo pangusa taratibu, linalotoka litoke, lililoshika liache mpaka safari ijayo. Usibandue kwa kucha mpaka damu itoke. Kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa kingine kikavu, kisha minya dawa kidogo kwenye pamba safi na upake tabaka jembamba, ukizidisha kidogo nje ya ukingo wa kidonda. Mdomo wa tyubu usiguse kidonda, la sivyo umeingiza bakteria kwenye dawa yenyewe. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya hapo. Kitambaa ulichotumia kisirudi kwenye beseni la vyombo wala kwa mtoto mwingine. Kichemshe, au kama ni pamba itupe.

Ukiambiwa mara tatu kwa siku, funga saa zako: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku. Mama akiwa kazini, kipindi cha mchana ndicho kinachorukwa. Mwelekeze dada wa kazi au bibi kwa vitendo, asimame akuone ukifanya, kisha naye afanye mbele yako. Dozi ya kupaka mara nyingi ni siku 5 hadi 7 na ya kunywa mara nyingi ni siku 7. Gaga likidondoka siku ya tatu haina maana umemaliza.

Taulo: mgonjwa awe na lake, na liwe na rangi ambayo hata mtoto wa miaka mitatu anajua kuwa si lake. Kama taulo ni moja nyumbani, kata kanga ya zamani vipande, kila mtu na kipande chake. Foronya, shuka na nguo za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto kila siku kwa siku za mwanzo, zianikwe kwenye jua kali na zipigwe pasi. Kucha zikatwe fupi kabisa, za mgonjwa na za wenzake. Midoli ya plastiki ioshwe kwa sabuni. Vidonda vilivyo mahali pa kushikika vifunikwe na shashi nyepesi mtoto anapocheza na wenzake, isifungwe ikabana hewa.

Kila jioni wavue nguo watoto wote wa nyumba hiyo na uwakague penye mwanga: chini ya pua, nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, matakoni, magotini. Dalili zinaweza kuchukua hadi siku 10 tangu kuambukizwa, kwa hiyo usikague leo tu.

Rudi kituoni haraka ukiona haya: homa, ngozi kuzunguka kidonda imevimba, ina joto na maumivu yanasambaa, kidonda kimechimbika kwenda chini, mtoto amelegea, au siku tatu zimepita tangu uanze dawa na hakuna nafuu. Watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali sera ni kutibiwa bila malipo, msikae nyumbani kwa kuogopa gharama.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka zamu.

Mama Wawili

Asante sana dada nesi, umeniandikia mimi huu uzi. Mkubwa wangu ana miaka minne, vidonda viwili chini ya pua na kimoja kidevuni, tumepewa ya kupaka. Shida ni kwamba tuna chumba kimoja, kitanda kimoja, chandarua kimoja, na mdogo wake ana miezi mitano. Nitawatenganisha vipi? Na je, naruhusiwa kunyonyesha wakati mikono yangu ndiyo inayomsafisha huyu mkubwa?

Nesi wa Mtaani

Pole mama. Nyumba nyingi ninazozijua ni za hivyo hivyo. Wewe lala katikati, mdogo upande mmoja, mkubwa upande wa pili, na mkubwa ajifunike kanga yake peke yake. Foronya yake usimpe mtu mwingine. Asubuhi anza na mdogo kila kitu: mwogeshe, mvishe, mnyonyeshe, mlaze. Ndipo umshughulikie mkubwa, kisha nawa mikono hadi kwenye viwiko. Ukifuata mpangilio huo, mikono yako haitokei kwenye kidonda kwenda kwa kichanga.

Kunyonyesha usiache hata mara moja. Mkubwa asimbusu mdogo wala kumshika uso kwa siku hizi, mpe kazi nyingine ya kumpenda, amwimbie au amshikie miguu. Mdogo akitokeza hata lengelenge moja mlete. Na kwa wote mnaosoma: kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha au malengelenge apelekwe siku hiyo hiyo, msijaribu kitu nyumbani.

Mzee wa Kibiti

Binti yangu, nimekusoma kwa makini. Sisi tumelea watoto kwa maji ya mwarobaini, na kidonda kikikaza tunafungua kidonge cha rangi mbili tunanyunyizia ule unga. Kilikauka na watoto wamekua. Leo mnatuambia krimu. Kijijini krimu hiyo haipo. Nieleze vizuri ubaya wa hii njia yetu.

Nesi wa Mtaani

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeuliza, maana wengi wanafanya hivyo na hawaulizi.

Ni kweli kidonda kilikauka. Impetigo ya vidonda vichache inaweza kupona yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu kwa mtoto mwenye afya. Tatizo ni kwamba katika wiki hizo tatu anaambukiza nyumba nzima na darasa zima, na wapo wachache ambao ugonjwa unashuka chini zaidi kwenye ngozi au unawaletea madhara ya figo.

Ule unga, mzee wangu, unachanganyika na majimaji ya kidonda unaganda kama kofia. Juu panaonekana pakavu, chini usaha unaendelea. Tena ndani ya hivyo vidonge vya rangi mbili inaweza kuwa tetrasaiklini, amoksilini au ampisilini, na aliyenunua kimoja kimoja bila pakiti hajui ana ipi. Staphylococcus wengi siku hizi wanatengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini na ampisilini kabla hazijafanya kazi. Ndiyo sababu hospitali tunatumia kloksasilini, fluklosasilini au sefaleksini kwa ugonjwa huu. Halafu kuna hatari ya mzio kwa kupaka ngozini dawa isiyotengenezwa kupakwa, na tetrasaiklini ikimezwa na mtoto wa chini ya miaka 8 inaharibu rangi ya meno yake ya ukubwani.

Mwarobaini sitabishana nawe kwa kuogea, mradi maji yamechemshwa na kupoa, na kitambaa ni chake peke yake. Ila usisubirie hayo majani yafanye kazi ya antibayotiki. Na kwa kijijini kusikopatikana krimu, zahanati nyingi zina dawa ya zambarau, ile GV. Inasaidia kwa kidonda kidogo cha juu. Isipakwe machoni, na ujue kwamba rangi yake inaficha kidonda, kwa hiyo angalia uvimbe na joto la ngozi pembeni, usiangalie rangi.

Mzee wa Kibiti

Marahaba. Nimekuelewa. Nitawaambia na wakwe zangu.

Mtoa Dawa Songea

Naomba nichangie kutoka upande wa dirisha la dawa. Nipo duka la dawa muhimu hapa Songea, mkoani Ruvuma, mkoa ambao maduka haya yalianzia mwaka 2003. Kuna mambo matatu yananiumiza kichwa.

La kwanza ni ile krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu, betamethasoni, gentamaisini na klotrimazoli. Mteja anaingia anasema "nipe ile ya ngozi ya kila kitu". Betamethasoni ni steroidi. Inashusha wekundu na muwasho siku mbili za mwanzo, mama anafurahi, kumbe inapunguza kinga ya ngozi na maambukizi yanatambaa chini kwa chini. Kwa mtoto mwenye impetigo tafadhali msiiombe, na sisi tunaouza tusiitoe kwa sababu tu mteja ameitaja kwa jina.

La pili ni nusu dozi. Mtu ana hela ya siku tatu. Namwomba bora arudi kituoni waone dawa nyingine ambayo ataimudu yote. Dozi ikikatika katikati wanaobaki hai ni wale bakteria wagumu, na hao ndio watakaompata mdogo wake.

La tatu ni dawa ya maji. Fluklosasilini ya unga inachanganywa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka kwenye alama ya chupa, inatikiswa kila kabla ya kunywa, inakaa kwenye friji na ikifika siku 7 iliyobaki inamwagwa. Hunyweshwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Kama huna friji sema kabla sijaichanganya, maana zipo dawa nyingine na vipimo vingine tunaweza kumuuliza aliyekuandikia. Pima kwa sirinji au kifuniko kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana. Na kama mtoto amewahi kutoka vipele au kuvimba baada ya penisilini, tamka mapema, ataandikiwa eritromaisini au nyingine.

Nesi wa Mtaani

Mkuu, hapo kwenye steroidi umenigusa. Naona watoto wa aina hiyo kila mwezi. Asante sana.

Kisauni Mwenyeji

Assalaam aleikum. Huku Mombasa mtoto akiwa na vidonda hupelekwa baharini, wazee husema chumvi inakausha. Pia vijana wa timu yetu ya mtaa kuna wawili wametoka vidonda mapajani na wanapokezana jezi. Nikienda kemist nimnunulie nani nini?

Nesi wa Mtaani

Waaleikum salaam ndugu yangu. Baharini asiende mpaka vidonda vikauke kabisa. Maji ya chumvi hayafiki walipo bakteria, yanamchoma mtoto, mchanga unamkwaruza na kufungua milango mipya, na pale ufukweni watoto wanagusana mwili kwa mwili. Bwawa la kuogelea vilevile, asiingie.

Hao wachezaji wawili wapumzike mechi mpaka wapone. Ngozi kwa ngozi, jasho na mkwaruzo wa nyasi kavu, hapo ugonjwa unahama kwa urahisi mno. Usiwanunulie kitu bila kuonwa, kwa sababu kwenye mapaja ya vijana inaweza kuwa fangasi au majipu yanayoanza. Jezi kila mtu yake, na zikivuliwa zifuliwe siku hiyo zisilale kwenye begi zikiwa na jasho. Hata chupa ya maji na taulo la benchi msishirikiane.

Mwalimu wa Awali

Mimi nafundisha darasa la awali, wapo karibu sitini. Naomba mwongozo wa wazi: mtoto arudi shule lini? Wazazi wanawaleta na vidonda vinatiririka kwa sababu hawana wa kuwaachia, na wengine mtoto amepona kabisa wanamfungia wiki tatu kwa aibu. Mwezi uliopita kuna mtoto wenzake walimkataa kukaa naye, wakampa jina baya, akalia mpaka nikaahirisha kipindi.

Nesi wa Mtaani

Mwalimu wangu, ahsante kwa kumjali huyo mtoto. Wataalamu wa Marekani wanasema saa 24 baada ya kuanza antibayotiki zinatosha, Waingereza wanasema saa 48 au mpaka vidonda vyote vikauke. Mimi nawaambia wazazi saa 48, na vidonda vinavyotoa majimaji vifunikwe. Siku mbili mzazi anaweza kuzipanga, hata mwenye genge. Wiki tatu za kufungiwa hazina sababu yoyote.

Darasani angalia ndoo ya kunawia. Kama mnachovya mikono wote kwenye beseni moja na kujifutia kitambaa kimoja, ondoeni leo. Toboa dumu liwe linachuruzika, sabuni ning'iniza kwenye soksi, mikono ikauke kwa upepo. Wanaolala mchana mkekani walale kila mmoja na kipande chake cha kanga kutoka nyumbani. Kwa wale waliompa mwenzao jina baya, wewe mwenyewe mshike bega mbele yao siku akirudi. Watoto wa umri ule wanafuata mkono wa mwalimu kuliko maneno.

Kinyozi wa Mbagala

Wakuu na mimi niseme kitu. Wateja wanakasirika nikikataa kumnyoa mtoto mwenye vidonda kichwani, wanasema nabagua. Sibagui. Mashine ikipita juu ya kidonda inakuja kwa mtoto wa pili dakika hiyo hiyo. Mimi nasugua meno ya mashine kwa brashi kutoa nywele, kisha spiriti, naacha ikauke, na kitambaa cha shingoni nakibadilisha. Lakini kidonda kibichi sigusi. Mzazi akitaka nywele zipunguzwe ili dawa ifike, afanyeje?

Nesi wa Mtaani

Uko sahihi kabisa kaka, na natamani saluni zote zingefanya unavyofanya. Mzazi apunguze nywele nyumbani kwa mkasi kuzunguka kidonda, asikwangue kwa wembe, kisha mkasi achemshe. Vidonda vya kichwani vitafutiwe sababu: mara nyingi chini kuna chawa au mapunye. Mapunye ni fangasi, yanahitaji dawa ya kumeza ya wiki kadhaa, na antibayotiki peke yake haitamaliza. Ukiona mtoto ana mabaka yasiyo na nywele, mwambie mzazi aende kituoni kabla ya kurudi kwako.

Dada wa Tabora

Kwetu tumemaliza dozi na watoto wamerudiwa tena, wote watatu. Na hawalali, usiku kucha wanajikuna, hata mimi na baba yao tunawashwa tumboni na katikati ya vidole. Tumebadilisha sabuni, bado. Naanza kuambiwa nyumba imechezewa.

Nesi wa Mtaani

Dada yangu, pole sana, na nakuomba usitumie hela kwa waganga. Familia nzima kuwashwa, usiku zaidi, katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni, hiyo ni picha ya upele. Upele ni mdudu mdogo anayechimba ngozini. Watoto wanajikuna, ngozi inachanika, bakteria wa impetigo wanaingia. Mmetibu kilichoingia, mlango umebaki wazi.

Jambo hili limethibitishwa vizuri. Visiwani Fiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa watu ivermektini kwa ajili ya upele, jamii nzima kwa pamoja. Baada ya mwaka upele ulishuka kwa asilimia 94, na impetigo nayo ilishuka kwa asilimia 67 ingawa hawakupewa antibayotiki kwa ajili hiyo. Hata hapa kwetu, Zanzibar ilipogawa ivermektini na albendazoli kwa ajili ya matende kuanzia mwaka 2001, vituo vya afya viliona wagonjwa wa upele wakipungua sana.

Kwa hiyo nendeni kituoni wote watano. Mtapewa losheni ya benzili benzoeti, au permethrini, au vidonge vya ivermektini kwa wenye uzito wa kilo 15 na kuendelea ambao si wajawazito. Losheni ya watoto ina kipimo chake, msitumie ya watu wazima bila kuambiwa. Kinachoamua ni hiki: wote mtibiwe usiku mmoja, hata asiyewashwa, kwa sababu muwasho unaweza kuchelewa wiki kadhaa kwa anayepata upele mara ya kwanza. Mpakae kuanzia shingoni hadi unyayoni, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, na watoto wadogo hata kichwani kama mtakavyoelekezwa. Kesho yake nguo na mashuka yote yaliyotumika siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa, kwa sababu mdudu akikosa ngozi ya binadamu anakufa. Rudieni dawa siku mtakayopangiwa, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Vidonda vya sasa vitahitaji antibayotiki sambamba. Na jueni muwasho unaweza kubaki wiki mbili au zaidi hata wadudu wakiwa wamekufa, msidhani imeshindikana mkaanza kupaka kila siku.

Baba wa Morogoro

Naongezea kwa uchungu. Mwanangu wa miaka sita alipata vidonda miguuni, vikapona. Wiki kama tatu baadaye aliamka uso umevimba, macho yamejaa, mkojo rangi ya chai ya rangi. Kituo cha kwanza tulichokwenda walisema ni minyoo wakatupa dawa ya minyoo tukarudi nyumbani. Hawakupima mkojo wala presha. Tulipofika hospitali nyingine ndipo tukaambiwa ni figo, na chanzo ni vile vidonda. Alilazwa, presha ilikuwa juu mno kwa mtoto. Sasa anaendelea vizuri, anacheza. Wazazi, mtajieni daktari hivyo vidonda hata kama vimeshapona.

Nesi wa Mtaani

Baba, asante kwa kusimulia, na namshukuru Mungu mtoto amerudi kucheza.

Kwa wote: hayo ni madhara ya Streptococcus. Kinga ya mwili inayotengenezwa kupambana na yule bakteria inaleta uvimbe kwenye vichujio vya figo. Baada ya maambukizi ya ngozi hutokea kama wiki tatu hivi baadaye, wakati mwingine zaidi, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo mawili. Si watoto wengi wanaopata, na wengi wanaopata hupona vizuri wakipata huduma. Dalili ni hizo alizotaja baba: uso na macho kuvimba hasa asubuhi, miguu kujaa, mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia, kukojoa kidogo, kichwa kuuma. Ukifika kituoni omba mambo mawili kwa jina lake: kipimo cha mkojo na kipimo cha presha. Mara nyingi yote mawili yapo hata kwenye vituo vidogo. Dawa ya kidonda haijathibitishwa kumkinga kikamilifu mtoto aliyekwisha ambukizwa asipate tatizo hilo la figo, ila inazuia yule bakteria asihamie kwa watoto wengine, na kila mtoto asiyeambukizwa hana hatari hiyo.

Mwananyamala Kwetu

Swali la mwisho toka kwangu. Mume wangu hana vidonda hivyo ila majipu yanamtoka kwapani na shingoni, likipona moja linakuja jingine. Inahusiana na vidonda vya mtoto?

Nesi wa Mtaani

Inawezekana kabisa. Majipu mengi ni yule yule Staphylococcus. Baba asitumie taulo wala wembe na mtu mwingine, jipu asilikamue, na lile linalotoa usaha lifunikwe mpaka likauke. Aende akatibiwe wakati mmoja na mtoto. Na kwa mtu mzima anayerudiwarudiwa na majipu, naomba apime sukari, na apime na VVU kama hajapima karibuni. Tukishajua hali yake tunajua tunapigana na nini.

Mama Lishe Mbeya

Wa kwangu amepona, magaga yote yamedondoka, lakini pamebaki mabaka, mengine meupe mengine meusi kuliko ngozi yake. Dada mmoja saluni ameniambia kuna krimu ya kuondoa. Nipake?

Nesi wa Mtaani

Hapana mama, usipake. Impetigo ya juu kwa kawaida haiachi kovu. Hayo mabaka ni rangi ya ngozi iliyovurugika, kwa ngozi zetu hukaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kisha yanafutika. Krimu za kung'arisha nyingi zina steroidi au haidrokwinoni, na kwa mtoto zinafanya ngozi kuwa nyembamba na kufungulia maambukizi mengine. Paka mafuta ya mgando ya kawaida baada ya kuoga, kwa mkono uliooshwa, na kopo liwe lake peke yake kwa sasa. Lile kopo mlilokuwa mnachovya vidole wote wakati anaumwa, litupe.